Miguu ya Handaki la Cutmoor

Unyayo wa kwanza Averil Tunnicliffe aliuona darini. Sakafuni nyayo zina haki yake, hasa kwenye boti la watu wanaoshuka na kupanda kutwa nzima katika tope la ukingoni. Huu ulikuwa darini. Ulikuwa wa kiatu kizito, soli imepigwa misumari, bado mbichi kwa maji, kana kwamba mtu alilala chali hewani akajitembelea zake.

"Jasho la bati hilo," alisema Neville, mumewe, bila kuinua macho gazetini. "Boti ni chuma, nje baridi, ndani jiko linawaka. Maji yaende wapi?"

"Jasho lenye misumari?"

"Avi, kunywa chai."

Akanywa. Miaka thelathini na moja ya ndoa humfundisha mwanamke ni wakati gani wa kunywa chai. Neville alikuwa injinia mstaafu wa mabomba ya maji, mtu wa maelezo. Hapakuwa na kitu duniani asichokuwa na maelezo yake, na maelezo yenyewe siku zote yaliishia kwa wewe kuonekana mjinga kidogo. Averil alikuwa amepika shuleni miaka ishirini na mitatu, amefuta jasho la kuta nyingi, na jasho alilijua. Lakini alinyamaza, kwa sababu boti lile lilikuwa zawadi.

Zawadi yenyewe ilikuwa boti jembamba la mferejini, hatua ishirini kwa urefu, na upana wake mtu akinyoosha mikono anakaribia kugusa kuta zote mbili. Neville alilinunua vuli iliyopita ng'ambo ya Kilima cha Cutmoor, akalileta peke yake, akarudi nyumbani uso umemsinyaa kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. Alilala siku mbili. Akasema ni mafua. Halafu, wiki nzima ya Desemba, mvua inanyesha, alipiga magoti ukingoni akakwangua jina la zamani ubavuni na kuandika la mkewe: AVERIL, herufi nyekundu zenye kivuli cha dhahabu, waridi huku na huku. Averil alilia alipoliona. Majirani wakasema wanaume wa namna hiyo kiwanda chao kilishafungwa. Naye, ambaye hajawahi kupewa hata kadi ya siku ya kuzaliwa mpaka akumbushe mwenyewe, akiandikiwa boti zima ataanza kuuliza maswali ya nini?

Basi Aprili wakaanza safari ya starehe. Starehe ya watu wa mferejini ni hii: unasafiri siku nne mwendo ambao basi linaumaliza kwa dakika thelathini na tano. Neville alisimama nyuma, mkono kwenye usukani, kofia kichwani, akiwapungia bata kama mbunge wakati wa kampeni. Averil alitangulia kwa miguu akiwa na mkono wa chuma wa kufungulia malango ya maji. Alizungusha, akasukuma milango ya mbao yenye uzito wa ng'ombe, akangoja maji yashuke, akafunga, akakimbia kulidaka boti lisimwache. Ndivyo inavyofanyika mifereji ile yote. Mwanaume anaendesha, mwanamke anafanya kazi, halafu wapita njia wanamsifu mwanaume kwamba anajua boti.

Siku ya pili nyayo zilikuwa nne. Siku hiyo pia ilikuja harufu, ya mshumaa wa mafuta ya mnyama na ngozi iliyolowa, na chini yake kitu kama pumzi ya kisima kilichofunikwa miaka mingi. Averil alifungua madirisha, akasugua sinki, akatupa vitunguu vilivyokuwa vizima kabisa. Harufu ikabaki.

Jioni ya siku hiyo, wamefunga kamba chini ya miti, mchuzi wa kondoo unatokota, alisikia hatua. Hazikuwa juu ya paa, ambako bata hutua na matawi huanguka. Zilikuwa upande wa ndani, kwenye mbao za dari, kishindo kizito cha mtu anayesukuma kitu kikubwa kuliko yeye, kikianzia mlango wa mbele, kikija polepole juu ya meza, juu ya jiko, juu ya kichwa cha Neville aliyekuwa anakata mkate na ambaye kisu chake, Averil alikiona vizuri, kilisimama kila hatua iliposimama na kuendelea kila hatua ilipoendelea, mpaka zikafika juu ya kitanda zikakoma. Na zote, zile za kusikika na zile za kuonekana, zilikuwa nusu ya kushoto ya dari. Nusu ya kulia ilikuwa safi kama sahani iliyoandaliwa mgeni. Kulia ndiko alikolala Averil.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Mbao zinatanuka," Neville akajibu. Hakunong'ona, ila hakumtazama.

Asubuhi ya tatu lilikuja boti la makaa. Mwenyewe ni Bi Thirza Humpage, aliyezaliwa ndani ya boti, akaolewa ndani ya boti, na huwauzia wenye maboti makaa, gesi na dizeli huku akiwatukana bure bila nyongeza ya bei. Neville alikuwa amekwenda kumwaga ndoo ya choo, kazi pekee aliyoipenda, kwa kuwa kwenye vituo vya kumwagia kuna wanaume wenziwe wa kuwaeleza mambo. Thirza akaliingiza gunia la makaa mwenyewe, akanyoosha mgongo, na macho yake yakakutana na dari.

Hakupiga kelele. Alivua kofia, kitu ambacho Averil hakuwahi kumwona akikifanya hata kanisani.

Akakaa, akaomba chai, akaeleza. Zamani, kabla ya injini, Handaki la Cutmoor halikuwa na njia ya farasi ndani, na mpaka leo halina. Farasi alifunguliwa mlangoni, wanawake na watoto wakampitisha juu ya kilima. Chini, wanaume wawili walilala chali kwenye ubao mbele ya boti, kila mmoja miguu ukutani upande wake, wakatembea gizani mpaka ng'ambo, boti likifuata miguu yao. Kazi ya wawili. Mmoja akikunja miguu, wa pili anasukumwa na ukuta majini, na boti linapita juu yake. Kuna aliyekunjiwa miguu namna hiyo na mwenzi wake, rafiki yake wa kula naye sahani moja. Mwili ulipatikana. Viatu havikupatikana. Jini lililokuwa likikaa mle, tangu kilima kipasuliwe, liliviokota likavivaa, na tangu siku hiyo linamuuliza kila anayepita peke yake swali moja: nani wa upande wa pili?

"Watu wetu hawapiti pale mmoja mmoja," Thirza alisema. "Na hatujibu. Jini haliingii botini kwa bahati mbaya, mdogo wangu. Linakuwa limetajiwa mtu."

Halafu akauliza, taratibu, ni nani aliyeandika lile jina ubavuni.

"Mume wangu."

"Boti likiwa nchi kavu, au majini?"

"Majini."

Thirza akakiweka kikombe chini. Kila mtoto wa mferejini anajua kwamba jina la boti hubadilishwa likiwa limepandishwa nchi kavu. Ukiliandika likiwa linaelea, maji ndiyo yanakuwa ya kwanza kulisoma.

Averil akamtetea mumewe. Alisema Neville ni mtu wa nyumbani, mambo ya boti anayatoa vitabuni, hakujua. Aliongea sana, na kadiri alivyoongea ndivyo sauti yake ilivyozidi kumsikitikia yeye mwenyewe.

"Huenda," Thirza akasema. "Mjinga na msaliti mwandiko wao mmoja. Wewe muulize. Akikiri kwa mdomo wake, mbele yako, kabla boti halijaingia handakini, ahadi imevunjika, na nyote wawili mmepona. Asipokiri, wewe pita juu kwa miguu, kama walivyopita mama zetu. Ukiitwa usiitike, mpaka uone pua ya boti imetoka ng'ambo."

"Na nikirudi tu nyumbani?"

"Nyumbani hakuna dari?"

Siku nzima Averil hakuuliza. Alifungua malango saba ya maji, akajiambia atauliza kwenye la nane. Si kwamba aliogopa jini. Aliogopa jibu. Jini ni mgeni, huna historia naye.

Kulipokaribia kupambazuka aliamka, mahali pa Neville pamepoa, na kupitia upenyo wa pazia, katika mwanga wa kijivu ule usiojua kama ni usiku au asubuhi, alimwona mumewe amelala chali sakafuni karibu na jiko, mikono ubavuni kama maiti iliyopangwa vizuri, macho darini, midomo inacheza, na juu yake kabisa, kwenye ubao mkavu ambao Averil mwenyewe aliufuta jioni, alama ya kiatu ikijitokeza polepole, kisigino kwanza, kisha misumari mmoja mmoja, maji yakikusanyika na kudondoka kwenye paji la uso wa Neville bila yeye kupepesa.

"Leo saa nne," Neville alikuwa ananong'ona. "Nimekuletea kama tulivyosemezana. Atakuwa amelala chali, atakuwa tayari. Ila mimi usiniguse. Mimi ulishaniacha."

Averil akarudi kitandani, akafumba macho. Baada ya muda Neville akaja, akaingia chini ya blanketi, na kama alivyofanya kila msimu wa baridi kwa miaka thelathini na moja, akaiweka miguu yake ya barafu kwenye miguu ya mkewe ipate moto. Averil aliiacha. Kichwa chake kilishajua, miguu yake bado haijaambiwa. Akalala pale, miguu ya Neville ikipata joto, machozi yakiingia sikioni.

Asubuhi Neville alikaanga mayai na soseji. Hajawahi. Akampakulia mpaka na uyoga, akamsogezea kiti. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha, na mbele yao, chini ya kilima cheusi, Handaki la Cutmoor lilikuwa wazi kama mdomo wa mtu anayelala.

Averil aliweka uma chini.

"Neville. Kuna kitu unataka kuniambia kabla hatujaingia?"

"Kitu gani?"

"Chochote. Hata kikiwa kibaya namna gani. Nakuapia sitakasirika, nitasamehe leo leo, na jioni tutakula samaki na chipsi kama kawaida. Ila ukiseme hapa. Ukiseme sasa."

Neville akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu safari ianze, na Averil aliliona neno lenyewe likipanda, likafika kooni, likafika kwenye meno. Akalingoja. Angelipokea kwa mikono miwili. Hakuwahi kumtaka mtu yeyote aseme kitu kama alivyomtaka mwanaume yule aseme wakati ule, na mayai yalikuwa yakipoa kati yao.

Neno likashuka.

"Nikufiche nini mimi, mama?" Akampigapiga begani. "Una mawazo wewe. Handaki linachuruzika, utalowa bure ukikaa nje. Nenda kalale. Chali, upumzishe mgongo. Nusu saa tu tutakuwa ng'ambo."

"Chali."

"Ndiyo. Umechoka."

"Sawa," alisema Averil. Akaosha sahani yake. Ya Neville hakuiosha.

Mwendeshaji wa boti jembamba husimama nyuma kabisa, na pua ya boti iko hatua ishirini mbele yake, paa lote liko katikati, asione kinachofanyika kwenye mlango wa mbele. Neville alisukuma boti taratibu. Averil alipita chumbani, akawasha taa ya kitandani, akalivuta pazia, akaendelea mbele, akafungua mlango mdogo wa puani, na pua ilipoanza kumezwa na giza akakanyaga ukingo na kujibana kwenye ukuta wa matofali. Boti likampita taratibu. Dirisha, dirisha, jina lake lenye waridi, dirisha. Kisha Neville, akiwa ameshika usukani, karibu naye kiasi cha kushikana mikono.

Walionana.

Uso wa Neville ulipiga hesabu haraka, kama kawaida ya mainjinia, ukapata jibu, ukawa mweupe. Akaivuta injini irudi nyuma. Boti jembamba halina breki. Tani kumi na saba zilizokwisha kuamua kwenda zinakwenda. Povu lilichemka nyuma yake, mdomo wake ukafunguka, na giza likamfunga kuanzia kofia hadi viatu.

Averil akapanda kilima.

Njia ya farasi bado ipo, imeota nyasi, inapita katikati ya kondoo, na juu ya kilima yamesimama mabomba matatu makubwa ya matofali, marefu kuliko mtu, ya kuliingizia handaki hewa. Kwenye bomba la kwanza alisikia injini, ikilia kinyumenyume, ikikohoa. Moshi wa dizeli ulitoka. Kondoo hawakujali.

Kabla hajafika la pili, injini ilizimika. Ukawa ukimya ambao hata mvua iliuheshimu. Na chini ya miguu yake, kupitia nyasi, udongo na mwamba, Averil akasikia kitu kimepatana na hatua zake, unyayo kwa unyayo, kana kwamba kuna mtu anatembea kwenye dari ya dunia kichwa chini, na soli ya yule na soli yake zimetenganishwa na kilima tu. Aliposimama, nacho kikasimama. Alipokwenda, kikaenda. Upande mmoja tu, wa kushoto.

Kwenye bomba la pili alimsikia Neville.

"Avi. Avi, nisikie." Sauti ilipanda laini, imeloa mwangwi, kama vile alikuwa amesimama ndani ya tofali. "Nakiri. Umesikia? Nakiri sasa. Liliniuliza nani, nikakutaja wewe. Avi, sema basi kitu. Sema umenisamehe, ulisema ungenisamehe."

Averil alikuwa ameweka kiganja kwenye bomba. Tofali lilikuwa la baridi na lilikuwa likitetemeka.

"Halikunipiga," Neville aliendelea, na sasa alikuwa analia, akiongea kwa haraka, kama mtu anayejitapisha sumu, akisema kwamba lilimpa nafasi, lilimwambia afikiri mpaka mshumaa uzime, halina haraka, lina miaka mia mbili, na kwamba angeweza kusema hapana, angeweza kutaja bosi wake wa zamani, angeweza kutaja mtu aliyekufa, lakini jina la mkewe ndilo lililokuwa karibu na ulimi, lilitoka kabla hata mshumaa haujawashwa. "Sikufikiri, Avi. Ndiyo ukweli wote. Hata sikufikiri."

Kisha akamwita kwa jina alilompa wakati wa fungate yao, pwani ya Llandudno, jina ambalo hakulitumia tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe na ambalo Averil alidhani amelisahau. Mdomo wake ulifunguka wenyewe. Hewa iliingia, ulimi ukakaa mahali pa kuitika. Hivyo ndivyo alivyokuwa maisha yake yote, akiitwa anaitika, akiwa jikoni, akiwa amelala, akiwa na homa. Akajiuma kidole mpaka akasikia ladha ya chuma, akaondoa mkono kwenye tofali, akaendelea kutembea.

Alilipita bomba la tatu bila kusimama. Hapakuwa na sauti tena. Kulikuwa na miguu tu, na sasa ilikuwa pande zote mbili. Ya kushoto ilikwenda kwa mazoea. Ya kulia ilikuwa ikijikwaa, ikiteleza, ikigonga mahali pasipo pake, miguu ya mtu anayefundishwa kazi siku ya kwanza na mwalimu asiyerudia maelezo. Kufika mteremkoni ilikuwa imeshashika mwendo.

Ng'ambo jua lilikuwa limetoka. Boti lilitokeza bila injini, mwendo wa mtu anayetembea, pua kwanza, dirisha, dirisha, taa ya kitandani bado inawaka. Nyuma hapakuwa na mtu. Averil akaidaka kamba, akalivuta ukingoni, akalifunga kwa fundo alilofundishwa na Neville. Akaingia ndani na kutazama juu. Dari ilikuwa kavu kushoto na kulia. Harufu ilikuwa ya soseji.

Alikuwa amekaa kwenye paa, hajui afanye nini na mikono yake, lilipofika boti jingine likielekea handakini. Mume nyuma kwenye usukani, shati jipya, ndevu zimechongwa. Mke mbele, ameshika mkono wa chuma, mashavu mekundu kwa kusukuma malango.

"Habari za leo, mama," mwanaume alisema. Akauliza kama kila mtu anavyouliza pale, kama kuna boti jingine linakuja nyuma yake.

"Hakuna boti," Averil alijibu. "Njia nyeupe. Pita tu." Halafu akamgeukia mke. "Wewe, mwanangu, shuka. Pita juu ya kilima."

Mwanaume akacheka, akauliza ashuke kwa nini.

Averil alikuwa akimtazama yule mwanamke, na yule mwanamke alikuwa amegeuka kumtazama mumewe, akacheka naye kidogo, kisha akaacha kucheka lakini akaendelea kumtazama, muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa. Akashuka.